Get na Salamu za Mama Mkwe

Kwa miaka minne nililichukia neno moja la Kiingereza kuliko ninavyochukia samaki aliyelala. Neno lenyewe ni dogo, herufi tatu tu: get. Ukiliona kwenye karatasi huliogopi. Nilipomaliza darasa la nane nilidhani tumeshamalizana nalo, maana mwalimu alituandikia ubaoni kuwa maana yake ni kupata, tukanakili, tukafunga daftari. Kumbe alituonyesha mlango tu, ndani hatujaingia.

Niliolewa Bagamoyo mjini miaka ya sitini ikielekea ukingoni. Kwetu ni Kaole, watu wa minazi na mihogo, wasio na maneno mengi. Mume wangu alikuwa akinunua nazi kwa wakulima na kuzipeleka Dar es Salaam kwa lori la kukodi, kwa hiyo siku nyingi za wiki hakuwepo. Nyumba ilikuwa ya mama yake, mjane, nyumba ya mawe yenye ukumbi mrefu na ua wenye kisima. Mama mkwe alikuwa na kisomo chake: Kurani amehitimu, na Kiswahili akikiandika kwa herufi za Kiarabu kwa mwandiko ambao watu walikuja kuuazima kwa barua za posa. Herufi hizi tunazosoma sasa hakuzijua, wala hakuzitaka. Aliziita nyayo za kuku. Mimi nilizijua, na Kiingereza kidogo juu yake, basi nikaingia nyumba ile na cheo cha msomi, ingawa nilikuwa bado naunguza wali.

Mdogo wake mume wangu alikuwa baharia kwenye meli za mizigo. Alikwenda akarudi, akaenda akarudi, mara ya tatu hakurudi. Ikaja habari kwamba ameoa Mwingereza katika mji mmoja wa bandari huko kwao, mji wa baridi na moshi, na kwamba mwanamke amesilimu kwenye msikiti wa mabaharia wa Kiyemeni. Mama mkwe aliipokea habari hiyo kwa siku saba za kimya. Siku ya nane akasomesha Maulidi, akagawa halua mtaa mzima. "Mwana akishaoa kaoa," alisema. "Kilichobaki ni kumpenda mkewe." Lakini mimi niliyelala chumba cha pili nilimsikia akiomba katika dua zake kila siku kwamba huyo mke wa ng'ambo awe mtu mwenye adabu, asije akamfanya mwanawe asahau njia ya kurudi kwao. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake, na hakulificha.

Shemeji yangu huyo alikuwa mvivu wa kalamu tangu chuo cha Kurani, na isitoshe alikuwa akikaa baharini miezi sita kwa mkupuo. Ikawa mkewe ndiye anayeandika. Na mkewe hakuwa na Kiswahili ila jambo na asante. Barua zikaanza kuja kwa Kiingereza, kupitia sanduku la posta la mwenye duka wa jirani, zile karatasi nyembamba za buluu zinazokunjwa zenyewe zikawa bahasha. Msomi wa nyumba ni nani? Nikaitwa.

Siku ya barua ya kwanza mama mkwe alikwisha kuswali adhuhuri. Alivaa kanga mpya, akakaa juu ya mkeka ukumbini, na majirani wawili wakaja kukaa naye, maana barua ya Ulaya si ya mtu mmoja. Nikaifungua kwa kisu. Nikaisoma kwanza kimoyomoyo. Bibi huyu alianza hivi: Mama mpendwa, tumepata barua uliyomwandikia mume wangu. Kisha, bila kuvuta pumzi, mvua hazikatiki, mume wangu alipata kikohozi, sasa amepata nafuu, tumepata chumba kwa bibi kizee mmoja, kwaheri. Salamu hakuna. Si salamu ya Mungu, si ya mtume, si ya afya, si ya majirani.

Asiyelelewa pwani hataelewa ubaya wake. Kwetu barua isiyo na salamu ni mtu aliyeingia ukumbini bila kupiga hodi, tena na viatu miguuni. Unaanza na salamu, unamsifu unayemwandikia kwa cheo chake moyoni mwako, unasema hali yako, unasema hofu yako ni juu yake, unawasalimu walio karibu naye mmoja mmoja, ndipo ukifika ukurasa wa pili unaweza kutaja, kwa aibu kidogo, jambo lililokufanya ushike kalamu. Mama mkwe aliwahi kupokea barua kutoka kwa mtoto wa dada yake aliyekuwa Pangani, kijana mwenye haraka, iliyoanza na shida yake moja kwa moja. Aliikunja, akampa yule yule aliyeileta. "Mrudishie," alisema. "Mwambie aanze tena." Na kijana alianza tena, nikaambiwa, na safari hiyo salamu zilijaza kurasa mbili.

Sasa nilitazama uso wake, umejaa hamu, na majirani wakingoja kumpima mke wa Kizungu kwa mizani yetu. Nikamwonea huruma mama yule, na nikamwonea huruma hata yule Mzungu, ambaye hakujua kuwa amevuliwa nguo mbele za watu. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh," nikasoma. "Kwako mama yangu mpenzi, taa ya nyumba yetu. Nakubusu mkono wako wa kulia ingawa sijauona. Sisi huku wazima, hofu na mashaka ni juu yako." Nikawasalimu wajomba, nikawasalimu mashangazi, nikawasalimu majirani wa kulia na wa kushoto, nao wakaitikia pale pale kama wameitwa majina. Kisha ndipo nikapitisha kile kikohozi.

Mama mkwe alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji. "Kumbe kalelewa," alisema, na majirani wakasema mashaallah.

Basi ndivyo nilivyojiingiza. Ukishasalimu mara moja huwezi kuacha kusalimu barua ya pili.

Lakini salamu zilikuwa kazi nyepesi, nilizitoa kichwani. Kazi nzito ilikuwa maneno yake halisi, maana lazima nijue anasema nini ndipo nijue pa kupenyeza. Na huyo bibi, sijui alikuwa ana nini na get! Katika barua moja niliihesabu mara kumi na tisa. Aliamka kwa get na kulala kwa get. Giza lilipoingia ni get, mumewe alipokasirika ni get, nguo zilipolowa ni get, walipopanda basi ni get na waliposhuka ni get vilevile. Alipoelewa jambo ni get, na asipoelewa ni get yenye neno la kukataa mbele yake. Maana yangu ya ubaoni, kupata, ilifaa mara tatu kati ya hizo. Nyingine zote nilikuwa nabahatisha.

Mtaa wa pili aliishi bwana mmoja mstaafu, aliyekuwa mkalimani wa korti enzi za Waingereza. Alikuwa na kamusi nene kama tofali, ameivika jalada la kitambaa cha kaki kilichoshonwa na fundi cherehani. Kamusi ile haikuvuka kizingiti chake. Ukitaka neno unalifuata. Nikawa namfuata na sahani ya visheti, daftari langu kwapani. Mara ya kwanza nilipotaja get alicheka mpaka akatoa miwani. Akafungua, akanionyesha. Safu ya kwanza, get. Akafunua, get. Akafunua tena, bado get. Nilinakili kwa siku nne, na visheti vikaniishia.

Yeye hakupenda maana tu, alipenda asili za maneno, akizisimulia kama mtu anayetaja ukoo wake. Akaniambia get si ya Waingereza kwa nasaba. Waliiletewa na wanamaji wa kaskazini, watu waliokuja kupora, wakapenda pale, wakakaa, wakaoa. Kwao ilikuwa na maana ya kushika, kutia kitu mkononi. Waingereza walikuwa na ndugu wa neno hilo tangu zamani, ila hakuwa akitembea peke yake. Alijificha ndani ya maneno mengine. Ndiyo maana forget, kusahau, ina get tumboni mwake: ulichokuwa umekishika kimekuponyoka. Na hata lile neno lao la kubahatisha, guess, akasema, ni la ukoo huohuo, ni mtu anayepapasa ili ashike asichokiona. Hapo nilijiona mimi mzima na barua zangu.

"Mbona amepewa kazi zote hizi?" nilimwuliza. "Mgeni tu kutoka kaskazini?"

"Mwanangu," alisema, "mgeni akishakaa ndani ya nyumba ndiye anayepewa kazi zote. Wewe hapo kwenu nani anachota maji?"

Nilicheka, lakini kicheko cha upande. Toka siku hiyo nililionea get huruma kidogo, kama unavyomwonea mwanamke mwenzio aliyeolewa mbali.

Mama mkwe naye alitaka kujua neno gani hilo linalonitoa jasho kuliko kutwanga. Nikamweleza malalamiko yangu yote. Akatema tambuu, akasema, "Na pata je? Mtu hupata mtoto, hupata homa, hupata akili. Saa hupata saa nne. Kisu kikinolewa hupata. Mbona huliendei kwa mkalimani?" Nilikuwa nimeishi na neno hilo miaka ishirini bila kuona kuwa nalo lina mzigo, kwa kuwa nililinyonya na maziwa.

Adhabu kubwa zaidi ilikuwa kujibu. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka na kutoa salamu, na salamu zake zilikuwa bahari. Mwambie namsalimu kwa idadi ya nyota. Mwambie tangu nilipolisikia jina lake nimemweka mahali pa binti niliyemzika. Wasalimie wazazi wake walionizalia, wasalimie majirani wanaomwazima moto. Haya yote kwa Kiingereza cha darasa la nane! Nilijaribu. Nilikaa na kalamu mpaka wino ukakauka kwenye ncha. Niliuliza hata kwa mkalimani, akasema kwa Kiingereza mtu akisalimu mara moja inatosha, akizidisha wanadhani anataka kitu. Basi nikapakia ninachoweza kwenye punda niliyemzoea. We got your letter. We got rain. Mother got fever but now she got better. Mother greets you. Mistari mitatu, minne. Kisha mama mkwe huniuliza, "Umeandika yote?" Nami husema, "Yote, mama." Naye hustaajabu jinsi Kiingereza kinavyobana nafasi.

Mkalimani aliwahi kunipa sheria ya kazi yake, wala hakujua ananichoma. Mkalimani hana ulimi wake, alisema. Mshtakiwa akitukana, nawe utatukana; akilia, wewe hutalia. Ukiongeza neno moja umemfunga mtu, ukipunguza neno moja umemfunga mwingine. Mimi nilikuwa naongeza huku na kupunguza kule. Nilitazama vidole vyangu vya miguu, nikaaga.

Na mshahara wangu ulikuwa nini? Wivu. Ndiyo, nasema wazi, nilimwonea wivu mtu niliyemtunga mwenyewe. Nikiunguza wali, mama mkwe alisema, "Mwenzio yuko Ulaya, hajaniona hata sura, ananibusu mkono kila mwezi. Wewe unachota maji kisima kimoja nami, sijapata kwako hata neno moja tamu." Nilikuwa nageuka nikisugua sufuria kwa hasira mpaka majivu yananiingia kwenye kucha. Nilitaka kupiga kelele kwamba neno tamu lilikuwa langu, lote langu, kila herufi. Mama yangu mzazi alikufa mimi mdogo, nikalelewa na baba na kaka, watu ambao wakikupenda wanakunolea jembe. Nilijua kupenda kwa mikono. Kwa mdomo nilikuwa bubu.

Mwaka wa pili wa ndoa yangu mimba iliharibika, mimba ya miezi mitano. Mume wangu alikuwa safarini. Mama mkwe ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto siku arobaini, asubuhi na jioni, akinipikia uji wa pilipili manga, akiniimbia taratibu nyimbo ambazo si za kuimbiwa mtu mzima. Hakuniuliza neno, hakunilaumu, na wageni waliokuja na pole zenye sumu aliwatoa kwa upole kabla hawajaketi. Siku ya arobaini na moja nilitaka kumshukuru. Nilisimama mlangoni kwake, nikasema, "Mama, chumvi imekwisha."

Mwezi uliofuata barua ikaja. Mzungu wetu aliandika juu ya mtaro wa maji ulioziba barabarani kwao. Mimi nikasoma hivi: "Mama, nakushukuru kwa mikono yako inayoponya. Mtu aliyekandwa na mikono hiyo hawezi kuwa yatima tena." Mama mkwe alinitazama. "Huyu kajuaje habari za mikono yangu?" Nikasema labda mumewe alimsimulia, kwamba alipokuwa mtoto aliugua akakandwa. Akatikisa kichwa, akataka nirudie mstari ule. Niliurudia mara tatu, na mara ya tatu ilinibidi nijikohoze.

Mwaka wa nne Mzungu aliandika barua isiyofanana na nyingine. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na mwandiko wake siku hiyo ulikuwa umelala kama umechoka. Aliandika kwamba anajitahidi, lakini hawezi kumpata mama huyu, yaani kumfahamu. Kwamba amemwandikia barua karibu arobaini, naye hujibiwa mistari mitatu ya mvua na homa. Mumewe humwambia kwamba mama yake huongea hata na kuku, lakini yeye haoni mazungumzo hayo. Amefanya kosa gani? Kama ni kwa sababu ya asili yake, basi aambiwe, asimlete mtoto mahali asipotakiwa.

Nilisoma hayo kimoyomoyo huku mama mkwe akiwa mbele yangu, anatabasamu, anangoja habari za mjukuu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifungua kinywa nikasoma salamu. Nilimbusu mkono. Nikamwombea umri. Nilikuwa nasoma huku natetemeka, na majirani wakasema Mzungu huyu ana mapenzi mpaka msomaji anatetemeka.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa mkalimani, bila visheti, nikamwambia yote. Hakucheka. "Umewafunga wanawake wawili," alisema, "na hakuna aliyeshtakiwa." Nikamwomba anisaidie kuandika. Akakataa. Akasema kamusi hiyo hapo, kaa nayo. Akaivusha kizingiti kwa mkono wake mwenyewe, akanipa.

Nilikaa na kamusi ile siku sita uwani, mama mkwe akidhani namwandikia mume wangu. Nilimwandikia yule Mzungu kurasa tano. Nilimwambia: mama hajaandika mistari mitatu hata siku moja, ni mimi, sina Kiingereza. Nikaziweka salamu zote nilizozikumbuka za miaka minne, nyota na binti aliyezikwa na majirani wanaomwazima moto, kwa Kiingereza kilichovunjika miguu. Lakini nilikiri nusu tu. Niliungama niliyopunguza. Niliyoongeza niliyanyamazia, maana hayo yalikuwa yananihusu mimi.

Jibu lilikuja upesi kuliko barua yoyote. Alisema amelia jikoni kwake mpaka bibi kizee mwenye nyumba akamletea chai. Na kwamba mumewe akishuka melini watakuja.

Walikuja miezi ya kiangazi. Walishuka kwenye basi la kutoka Dar wakiwa wekundu wa vumbi, shemeji amenenepa, mtoto amelala begani, na Mzungu amejifunga kanga maandishi juu chini. Alimwamkia kila mtu shikamoo, hata watoto wa jirani waliokuja kushangaa, nao wakaitikia marahaba wakakimbia kwa kicheko. Mama mkwe alimkumbatia pale mlangoni akamwingiza kifuani, akimwita binti, akimwambia maneno mengi ambayo mwenzake hakuelewa hata moja, na wote wawili walilia. Nilisimama na beseni la maji ya kunawa. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na hofu.

Siku ya nne, baada ya adhuhuri, mama mkwe alitoa bati la biskuti alimohifadhi zile karatasi za buluu. Majirani walikuwepo, wale wale. "Leo mwenyewe yupo," alisema. "Tusome mbele yake aone tulivyomtunza." Nikanyoosha mkono kupokea, kama kawaida. Akanipita. "Wewe umesoma miaka minne, pumzika. Leo asome mwanangu."

Shemeji alifungua ya juu, akaisoma kwa Kiswahili, kwa sauti yake ya melini. "Mama mpendwa, nimepata barua yako. Mvua hazikatiki. Mtoto ameanza kupata meno. Kwaheri."

"Umeruka," alisema mama mkwe.

"Sikuruka, mama."

"Salamu."

"Hamna salamu, mama. Ndivyo wanavyoandika wenzetu."

Akampa nyingine. Akasoma. Akampa ile ya mtaro, nikaijua kwa doa la mafuta ukingoni. Shemeji akasoma mtaro wa maji, mwanzo mpaka mwisho. Mama mkwe alikuwa hatazami karatasi tena, ananitazama mimi. Majirani walikuwa wamerefusha shingo. Mzungu alitabasamu tu, akitazama huyu na huyu, akidhani anasifiwa.

Mama mkwe alifunga bati. "Ni mimi niliyesahau," aliwaambia majirani. "Uzee. Nilizichanganya na barua za marehemu dada yangu." Akamshika Mzungu mkono, akamwambia shemeji amfasirie kwamba barua zake zote ni nzuri, na kwamba mtoto ana meno ya baba yake. Hakumwaibisha mgeni, wala hakuniaibisha mimi. Nilitamani aniaibishe.

Siku tatu hakusema nami. Chakula changu alikula, lakini alikipokea kutoka mikono ya mwingine. Salamu yangu ya asubuhi aliiitikia kwa sababu shikamoo haiachwi bila jibu, lakini marahaba ile ilikuwa kavu. Nilipika vizuri siku zile kuliko siku zote za maisha yangu, na hakuna aliyesema kitu. Nilijua nimempokonya binti aliyempenda miaka minne, na huyu aliyekuja na mkoba ni mgeni mwenye jina lake tu.

Siku ya nne ya ukimya ule shemeji aliwachukua mke na mtoto kwenda kuwaonyesha pwani. Nilikuwa uwani nakuna nazi. Mama mkwe alitoka, akavuta kigoda, akakaa mbele yangu. Nikaacha kukuna.

"Yale maneno," alisema. "Ulikuwa ukiyatoa wapi?"

"Kwangu, mama."

"Yale ya mikono?"

"Na hayo."

Kuku walipita kati yetu wakidonoa chicha, naye hakuwafukuza. "Kumbe miaka yote hiyo," alisema, "aliyekuwa akinisalimu ni wewe." Kisha akakasirika ghafla, sauti ikapanda. "Na mimi nakulaumu kila siku kwa kuninyima neno tamu! Mbona hukuniambia kwa kinywa chako? Tumelala ukuta kwa ukuta!"

"Niliona haya, mama. Nikija, naomba chumvi."

"Niambie sasa."

Nikafungua kinywa. Mimi niliyejaza kurasa za watu, niliyejua get zote za ulimwengu na asili yake kutoka kaskazini, sikupata hata neno moja. Nilitazama mbuzi ya nazi. Nilihisi machozi yanadondoka kwenye machicha, nikayachanganya kwa vidole kama mtu anayefanya kazi. Alingoja. Alinivumilia kwa muda mrefu, mpaka jua likahama kutoka kwenye kigoda chake.

"Haya," alisema mwishowe. "Kalete kalamu."

Nilileta kalamu na daftari, nikaandika pale pale, magotini, ukurasa na nusu. Nilipomaliza nikaanza kumsomea. Nilisoma mbio, kichwa chini, kama mtoto anayetaka kumaliza aya kabla mwalimu hajageuka.

Akaweka mkono wake juu ya daftari, akanisimamisha.

"Taratibu," alisema. "Hii ni yangu."